Mpira Siupendi, Kitabu Chake Nakipenda

Mama Teodora, shikamoo. Kila Jumamosi nasoma ushauri wako kwa watu wenye matatizo ya waume na mawifi, na nimesita sana kukuandikia kwa sababu tatizo langu halina mume wala wifi ndani yake, lina mpira, na huenda ukaliona la kitoto, lakini nakuomba ulisome mpaka mwisho kwa sababu Saba Saba inakaribia na mimi hata chakula hakipiti vizuri.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Kamanga, ng'ambo ya Mwanza. Kwetu ni Bukoba, ualimu nimesomea Butimba, na tangu utoto sipendi michezo ya aina yoyote. Shuleni kwa masista kipindi cha michezo ndicho kilikuwa kipindi changu cha kuumwa tumbo, na siku moja sista alipokataa kuliamini tumbo langu nikaingia uwanjani, mpira ukanipata usoni ukavunja miwani ambayo baba aliuza kahawa kuninunulia, na kuanzia hapo mimi na mpira tukaachana. Kaka zangu wakifungulia mpira redioni, mimi natoka nje nikachambue mchele. Hata leo ukiniuliza ni timu gani inaongoza ligi, nitakuuliza na mimi kama kweli ipo ligi.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwaka jana alikuwapo hapa kijana Mjapani wa kujitolea, akiwafundisha vijana wetu kutengeneza mashine za boti. Alipomaliza muda wake akaacha sanduku la vitu vyake, na ndani mlikuwa na kitabu kimoja kinene sana, cha picha za kuchorwa tangu mwanzo hadi mwisho, maneno yote ya Kijapani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Shimba, aliniletea akisema karatasi ni karatasi, mwalimu utaona mwenyewe cha kufanya nayo, na mimi kusema kweli niliipokea nikiwaza kuwashia jiko. Nilikuwa nimebandika maharage. Nikakaa kwenye kigoda nikafungua tu nione, na nilipoinua kichwa maharage yalikuwa yameungua na jirani amekuja kuuliza kama kuna watu ndani.

Ni hadithi ya msichana mwenye macho makubwa anayecheza mpira wa wavu. Jalada zuri lenye rangi wameliweka nyuma, Wajapani wana mambo yao, mbele kuna karatasi yenye maandishi madogo tu, lakini ukishaipita hiyo unakutana naye amebebwa juu juu na wenzake, ameshika kombe na analia kwa furaha, na huwezi kukiweka tena chini. Mpira unapigwa, basi unabaki hewani kurasa tatu nzima, na huku chini msichana anamkumbuka mama yake, anaikumbuka mvua, anamkumbuka rafiki yake aliyekosana naye, machozi yanamtoka, ndipo mkono unaufikia mpira. Mama Teodora, naomba unielewe, mpira wenyewe sikuupenda hata kidogo, nilimpenda yule msichana.

Hapo ningebaki na siri yangu isingemdhuru mtu. Lakini darasa langu lilikuwa linakufa. Tulihamia hapa mwaka jana, watu wa huku na huku, na wanawake walikuwa wakikaa kila mmoja na mtu wa alikotoka, hata jina la jirani wa nyumba ya pili hawalijui. Kitabu cha kisomo kinaeleza habari za mbolea na dawa ya pamba, wao hayo wanayajua kuliko mimi, kwa hiyo walisinzia, au hawakuja. Siku moja nikabeba kile kitabu cha Kijapani nipate picha za kuwauliza maneno. Mama Kija, ambaye ni mtu mzima, mimi humwamkia kwanza kabla ya kumwambia akae, alikivuta karibu, akakitazama, akaniuliza huyu mtoto analilia nini. Mwalimu hawezi kusema sijui mbele ya darasa, au mimi niliona hawezi. Nikasoma. Yaani nilijifanya nasoma, nikaweka kidole kwenye yale maandishi yaliyofungiwa duara, nikatunga.

Wakampa jina la Kabula. Kesho yake waliokuwa hawaji wakaja, keshokutwa wengine wakasimama dirishani, nikaweka sharti kwamba hakuna ukurasa wa Kabula mpaka kila mtu ameandika sentensi yake ubaoni, na wakaandika, Mama Teodora, wanawake ambao mwezi mmoja nyuma kalamu walikuwa wanaishika kama mwiko wa ugali. Na hadithi ilikuwa nzito. Kabula anaanza na kombe na marafiki wengi, lakini kadiri unavyoendelea mambo yanamharibikia. Wenzake wanapungua. Kuna mkufunzi mwenye miwani nyeusi anayezidi kuwa mkali. Kuna mahali anafungwa bendeji mguuni, anachechemea, halafu kurasa kadhaa mbele ndipo anaanguka na kuumia, jambo ambalo nililieleza kwamba mama yake aliota ajali akamfunga mapema, na darasa zima wakatikisa vichwa kwamba ndivyo walivyo kina mama. Hata nywele zinamfupika. Mwisho kabisa, ukurasa wa mwisho, anabaki peke yake, mdogo, sanduku la nguo miguuni, anaupiga mpira ukutani na kuudaka mwenyewe.

Siku ile hapakusomwa kitu kingine. Walikaa baraza kabisa kumsikilizia Kabula kesi yake, wengine wakasema alivimba kichwa baada ya kombe, wengine wakamlaumu mkufunzi, Suzana ambaye ndiye kijana wao akasema marafiki wa namna ile hawakuwa marafiki tangu mwanzo. Kisha Mama Kija akasimama, na yeye si msemaji.

"Mwalimu, mimi nililetwa hapa na sanduku moja kama huyu mtoto. Hatuwezi kumwacha ukutani. Tutafute mpira tucheze."

Ndivyo timu ilivyozaliwa. Waume walitoa nyavu chakavu za sato, tukashona wavu mmoja mrefu ambao mpaka leo unanuka samaki, mpira ukaletwa na kivuko kutoka Mwanza, na wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma kitabu. Nikafundisha. Nilifundisha kile nilichokiona kwenye picha. Kwamba kabla ya kupiga mpira unasimama, unamtaja kwa sauti yule unayemkumbuka, kisha unapiga. Kwamba ukitoa machozi unaruhusiwa kurudia. Na kwamba kila upande unaanza na kumi na tano, kwa sababu ule ubao wa namba kwenye picha unaanza juu na kushuka, basi mpira ukianguka kwako unatoa moja, na anayemaliza wa kwanza ameshindwa. Wanapenda sana. Jioni uwanja unajaa. Mama Kija alisimama na mpira mkononi akamtaja mwanawe aliyemzika kule walikohama, akasema hakuna wa kumpalilia kaburi, na mwanamke wa upande wa pili ambaye hawakuwa wakisemezana akavuka chini ya wavu akamshika. Hesabu ya kutoa sasa wanaijua kuliko watoto wa shule ya msingi.

Mzee Shimba akafurahi kupita kiasi. Bila kuniuliza akatangaza kwenye mkutano wa kata kwamba siku ya Saba Saba timu yetu itacheza na wanawake wa kinu kimoja cha pamba cha Mwanza, watavuka na kivuko, refa atakuja na filimbi yake, na viongozi watakaa kwenye viti. Wiki iliyopita bwana michezo akaniletea karatasi ya sheria. Nimeisoma nikiwa nimesimama na nikakaa chini. Namba zinapanda, hazishuki. Kila upande unagusa mpira mara tatu tu, na sisi huwa tunaugusa mpaka kila aliyekuja amepata zamu, hata bibi aliyekaa pembeni. Machozi hayakutajwa popote. Karatasi nimeificha chini ya godoro, jioni nakwenda uwanjani nafundisha uongo uleule.

Nikiwaambia, watajua kwamba maneno yote ya Kabula niliyatunga, mimi ninayewaambia kila siku wasome kilichoandikwa na si wanachokidhani, na mtihani wa kisomo wa taifa ni Agosti, nao wakiacha kuniamini darasa limekwisha. Nisipowaambia, watasimama mbele ya watu wa mjini wakiwataja marehemu wao huku refa anapuliza filimbi na watu wanacheka. Nimefikiria kupanda meli ya Bukoba kwamba mama anaumwa, nikarudi Saba Saba ikiwa imepita. Na kuna jingine linalonitesa, kwamba mtu asiyependa michezo hata kidogo amepata wapi haki ya kukipenda kitabu cha michezo kiasi hiki, maana mpaka leo nakisoma, na pale anapobaki peke yake bado nalia. Nisaidie, Mama. Nifanye nini?

Mwalimu Miwani,
Kamanga

Jibu la Mama Teodora

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikaisoma kwa sauti na ofisi nzima ikaacha kazi. Tuanze na lililo jepesi. Kupenda kitabu cha mpira bila kuupenda mpira si kosa popote. Mimi napenda sana hadithi za wezi na sijawahi kuiba hata kijiko. Ulimpenda mtu, na mtu huyo kazi yake ilikuwa mpira, kama vile mke wa mvuvi anavyompenda mumewe na harufu ya samaki akaivumilia. Maliza kulia, futa miwani, tuendelee.

La meli ya Bukoba nimelisoma nikakasirika. Unataka kumsingizia mama yako ugonjwa, na wale wanawake uliowatoa vibarazani ukawaweka mbele ya viti vya viongozi uwaache wapigiwe filimbi peke yao? Wewe uliyelia Kabula alipoachwa? Ukipanda meli hiyo usiniandikie tena.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuniuliza. Nilipofika kwenye ile bendeji niliweka kalamu chini. Mtu anafungwa mguu kwanza ndipo anaanguka, nywele zinarudi kuwa fupi, msichana anazidi kuwa mdogo, namba zinashuka, na jalada zuri liko nyuma. Mwalimu, ualimu wako wote wa Butimba na hukushtuka? Hapa gazetini tunaye mpiga picha aliyekwenda Japani kwa mafunzo. Nilimweleza, akacheka mpaka akaletewa maji. Vitabu vyao hufunguliwa kwa upande ambao sisi tunauita nyuma, na picha zenyewe wanazifuata kutoka kulia kwenda kushoto. Lile jalada zuri ndilo la mbele. Ninyi mmeanzia kwenye kombe mkarudi kinyumenyume mpaka siku ya kwanza, na mkamhukumu binti wa watu kwa kesi ambayo haikutokea. Yule mkufunzi naye hakuwa anazidi ukali, alikuwa analainika, mwombeni radhi.

La uongo wako sasa. Usijione mwerevu sana. Unadhani Mama Kija anaamini kwamba msichana wa Bukoba aliyesomea Butimba anajua Kijapani? Amejifunza lini, na kwa nani? Watu wazima ni watu wazima. Walijua unatunga, wakakaa kimya kwa sababu ulikuwa unatunga vizuri, na kwa sababu kutunga kwako kuliwapa nafasi ya kusema mambo yao. Kosa lako si kutunga. Kosa lako ni kuificha ile karatasi ya sheria chini ya godoro, kwa sababu hiyo ni yao, na kusoma wanajua sasa. Umewafundisha mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kesho, usingoje kesho kutwa. Itoe karatasi, uiandike ubaoni yote, wao waisome kwa zamu kwa sauti mpaka iishe, hilo ndilo somo la siku. Halafu waambie wazi kwamba Kijapani hukijui na sheria za mwanzo zilikuwa zako. Usijitetee wala usilie, kulia mmeshalia vya kutosha kijijini kwenu. Watacheka, nawe ucheke. Hesabu ya kupanda wasiiogope, anayejua kutoa hashindwi kujumlisha, na Agosti vyote viwili vitaulizwa.

Ile desturi yenu ya kumkumbuka mtu msiiache kwa sababu ya refa. Nimemuuliza mwandishi wetu wa michezo, anasema anayeanzisha mpira akishapuliziwa filimbi anazo sekunde chache kabla hajapiga. Zinatosha. Lakini amkumbuke mtu mmoja, siyo ukoo mzima, na amkumbuke kimoyomoyo. Yale ya kusemwa kwa sauti yawe jioni kwenye uwanja wenu, huko hakuna filimbi. Bibi wa pembeni apewe kazi ya kuwashangilia.

Ukufunzi uache. Mpe Suzana, anayesema marafiki wale hawakuwa marafiki, nimemsikia mpaka huku Dar es Salaam, huyo ana sauti ya kazi hiyo. Wewe omba ubao wa namba. Utakaa pembeni kwenye kiti, mbali na mpira, miwani yako salama, na utakuwa umehudhuria. Mzee Shimba mwambie kwa heshima kwamba safari nyingine akitaka kutangaza timu, amuulize kwanza mwenye timu. Kama mtafungwa na watu wa kinu, mtafungwa, wao wana mpira tangu zamani na ninyi mna miezi michache na wavu unaonuka. Wapikieni samaki, wale kabla hawajavuka kurudi.

Na jioni ya kesho, mkishamaliza sheria, kigeuze kitabu. Fungua kwenye lile jalada la rangi, uweke kidole upande wa kulia, usome upya, taratibu, ukurasa mmoja kwa siku, msifike kwenye kombe kabla ya Saba Saba. Tunga kama ulivyotunga, sasa wanajua na wewe unajua kwamba wanajua. Picha ya kwanza itakuwa ile ile iliyowatoa machozi, mtoto mgeni na sanduku lake, anaupiga mpira ukutani. Hapo mtazame Mama Kija, yeye aliyeletwa na sanduku moja, umwambie hivi kwa niaba yangu: hakuna aliyemwacha Kabula. Wenzake walikuwa bado hawajafika.